Kete za sataranji za bolti na nati: kwa nini zinaanguka na namna ya kuzirekebisha

"Ninasimamia klabu ya sataranji katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Seti za plastiki tulizopewa zimepotea karibu nusu ya kete, kwa hiyo nikaamua tutengeneze zetu kwa bolti na nati. Bolti nyingine nimenunua dukani, nyingine nimeokota gereji. Matatizo ni haya: mfalme na malkia wanaanguka meza ikiguswa kidogo, wanafunzi wanachanganya askofu na askari, nati kadhaa zinaingia mizunguko miwili mitatu kisha zinagoma, ingawa saizi ni ileile, na bolti nyeusi zimeanza kutu. Fundi mmoja ananishauri nimpelekee azichomelee zote. Mwenzangu kazini anasema niyeyushe risasi ya betri ya gari niimimine chini ziwe nzito. Nishike lipi? Na je, tukimaliza tunaweza kwenda nazo mashindanoni?"

Mwalimu, habari za kazi, na poleni kwa kete zilizopotea. Nianze na mambo mawili yasiyosubiri. Risasi ya betri: achana nayo kabisa, na huyo mwenzako mwambie hivyo hivyo. Kuchomelea: si sasa, na hasa si zile bolti zenye rangi ya fedha. Sababu nitazieleza huko chini. Mengine yote, yaani kuanguka, kuchanganyana, nati kugoma na kutu, yanarekebishika kwa spana, tupa, msasa na gundi, na bolti nyingi ulizonazo hazitatupwa.

Tuanze na kuanguka. Wengi hudhani kete inaanguka kwa kuwa ni nyepesi, ndiyo maana ushauri wa kwanza unaoupata ni kuiongezea uzito. Lakini mfalme wako si mwepesi hata kidogo. Bolti ya milimita 12 yenye urefu wa milimita 70, ikiwa na nati mbili, inapita gramu 100. Mfalme wa plastiki wa kawaida hafiki huko, na bado anasimama.

Kinachoamua ni vitu viwili: upana wa kitako, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka mezani. Iinamishe kete polepole kwa kidole. Ukiiachia itarudi mahali pake, ilimradi kitovu cha uzito bado kiko upande wa ndani wa ukingo wa kitako. Kikishavuka ukingo huo, inaanguka. Gramu zenyewe hazimo kwenye hesabu hii. Ukiiongezea kete uzito upande wa juu, umeifanya nzito zaidi na mbovu zaidi kwa mpigo mmoja.

Tazama kwa namba. Chukua bolti hiyo ya 12 kwa 70, isimamishe kwa kichwa chake, kisha funga nati mbili karibu na ncha zionekane kama taji. Hivyo ndivyo karibu kila mtu anavyomtengeneza mfalme mara ya kwanza, na sina shaka wako yuko hivyo. Kitako chake ni kichwa cha bolti, milimita 19 kutoka ubavu hadi ubavu. Kitovu cha uzito kiko kama milimita 44 juu ya meza. Mfalme huyo akiinama digrii 12 hivi, amekwenda. Sasa mbandike chini washa pana, yaani kile kibati cha duara chenye tundu katikati, yenye kipenyo cha milimita 37: anavumilia hadi karibu digrii 25. Halafu zishushe zile nati mbili kutoka kichwani hadi miguuni, zikae pale pale juu ya kichwa cha bolti. Kitovu kinashuka hadi milimita 27 hivi, na mfalme anafika digrii 34 kabla ya kuanguka. Vyuma ni vilevile, ukiondoa washa moja, na uimara umekaribia mara tatu.

Kama mwalimu wa fizikia hapo shuleni anapenda mambo ya vitendo, mpe hiyo kazi. Kete inawekwa juu ya kipande cha ubao, upande mmoja wa ubao unainuliwa taratibu, na pembe inasomwa kwa kipimapembe pale kete inapoanguka. Pigilia kijiti chembamba mbele ya kitako, maana chuma juu ya ubao huteleza kabla ya kuanguka na kuharibu kipimo.

Hizo washa pana ndizo zitakazokuokoa, kwa hiyo zinastahili maelezo zaidi. Dukani usiseme "washa" tu, utapewa zile za kawaida, ambazo kwa bolti ya 12 zina upana wa milimita 24 tu. Omba washa kubwa yenye tundu dogo, ile inayowekwa mahali penye bati jembamba au mbao laini ili kichwa cha bolti kisizame. Kwa vipimo vya kawaida vya viwandani, ya bolti ya 8 ina kipenyo cha milimita 24, ya bolti ya 10 ina milimita 30, na ya bolti ya 12 ina milimita 37. Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, linapendekeza kitako cha kete kiwe kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu wake, na urefu wenyewe uwe karibu sentimita 9.5 kwa mfalme, 8.5 malkia, 7 askofu, 6 farasi, 5.5 ngome na 5 askari. Piga hesabu utaona washa hizo tatu zinaangukia humo au karibu sana bila kukatwa wala kuchongwa. Ni bahati tu, lakini ni bahati ya kutumia.

Kuna kikwazo kimoja. Ukiivisha bolti washa kwa njia ya kawaida, washa inakaa juu ya kichwa cha bolti, si chini yake, na haigusi meza. Kwa hiyo itabidi uigundishe chini ya kichwa. Kwenye uso wa kichwa kuna namba na alama zilizoinuka. Zikwangue kwa tupa mpaka uso uwe bapa. Piga msasa nyuso zote mbili, za kichwa na za washa, kisha zifute kwa kitambaa chenye thina na usiziguse tena kwa vidole. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ile ngumu ya epoksi. Gundi ya sekunde inashika haraka na kukupa moyo, lakini ikishakauka haivumilii kugongwa, na kete za shule zinagongwa kutwa. Tandaza nailoni mezani, weka washa, jaza tundu lake gundi, simamisha bolti juu yake, hakikisha imekaa katikati na haikupinda, kisha iache hadi kesho yake. Gundi ikikauka, nailoni inabanduka yenyewe.

Chini kabisa bandika kitambaa cha suruali ya jinsi iliyochakaa. Wengine hutumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira haukwaruzi ubao, ni kweli, lakini unang'ang'ania, na mchezaji akitaka kuisogeza kete kwa kuiburuta inakwama na kulala. Jinsi inateleza kiasi kinachofaa.

Kuhusu nati kulegea: watoto wanapofikiri huwa wanazungusha kitu, hilo halizuiliki. Nati moja ikikaa katikati ya bolti bila kubanwa na chochote itazunguka tu. Weka mbili, ishike ya chini kwa spana moja, kaza ya juu kwa spana nyingine dhidi ya mwenzake. Hapo nati ya chini inasukumwa upande mmoja wa meno ya bolti na ya juu upande mwingine, kila moja inaizuia nyingine, na vidole vya mtoto havitoshi kuzilegeza. Huhitaji gundi hapo, na siku ukitaka kubadilisha umbo unafungua.

Sasa nati zinazogoma. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi. Sisi mafundi tunazoea kuita bolti kwa namba ya spana: bolti ya 13, ya 17, ya 19. Namba hiyo inapima kichwa. Haisemi chochote kuhusu meno. Bolti ya spana 13 kwa kawaida ina unene wa milimita 8, ya 17 ina 10, ya 19 ina 12, ingawa siku hizi utakutana na za milimita 10 zenye kichwa cha 16 na za 12 zenye kichwa cha 18. Unene nao hautoshi. Lazima ujue umbali kutoka jino hadi jino. Bolti ya kawaida ya dukani ya milimita 10 ina umbali wa milimita 1.5, na ya 12 ina 1.75. Ulizookota gereji nyingi zimetoka kwenye magari ya Kijapani, na huko bolti za 10 na za 12 mara nyingi zina meno ya karibu karibu, milimita 1.25. Nati ya dukani ikivishwa bolti ya gari inaingia mizunguko ya mwanzo kwa sababu meno bado hayajaachana sana, kisha tofauti inajikusanya na inakwama. Hadithi yako ya mizunguko miwili mitatu ndiyo hiyo hasa. Wakati mwingine mhusika ni bolti ya inchi: ya tatu juu ya nane ina unene wa milimita 9.5, kwa hiyo inaingia kwenye nati ya 10 ikichezacheza, halafu inagoma.

Usilazimishe kwa spana ndefu. Utayakwangua meno na kubaki na kitu kisichofungwa wala kufunguliwa. Kuzitambua bolti hizo ni rahisi na hakuhitaji kifaa. Chukua bolti mbili, zilaze ubavu kwa ubavu ili meno ya moja yaingie katikati ya meno ya nyingine, kisha ziinue kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa ndugu, meno yanaumana na huoni mwanga. Zikiwa tofauti, mwanga unapenya sehemu moja na meno yanapandana sehemu nyingine. Au tumia rula: kwenye bolti ya 10 ya dukani, nafasi kumi za meno zinachukua milimita 15; kwenye ile ya gari zinachukua 12.5. Wape wanafunzi kazi ya kutenganisha marundo hayo kabla hamjafunga nati hata moja.

Askofu na askari kuchanganyana ni suala jingine kabisa, na hapa nadhani umeangalia sehemu isiyo sahihi ya kete. Ukiitazama kete kwa ubavu, askofu ni mrefu na askari ni mfupi, kazi imeisha. Lakini mchezaji hatazami kwa ubavu. Anatazama kutoka juu kwa mshazari, na urefu unajificha. Anachokiona ni sentimita mbili za juu. Humo ndimo kila kete itambulike, hata ikiwa imezungukwa na nyingine.

Shida hii ni ya zamani. Kete za mashindano tunazozijua leo zilisajiliwa London mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, zikauzwa na kampuni ya Jaques kwa jina la mchezaji Howard Staunton, na zilishinda miundo mingine kwa sababu kila kete ina kichwa kisichofanana na cha mwenzake. Baadaye, mwaka 1923 na 1924, Josef Hartwig wa shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani akaenda njia tofauti: umbo la kete linaonyesha mwendo wake, farasi akiwa na umbo la L na askofu msalaba wa mshazari. Kwa bolti na nati unaweza kuchanganya njia zote mbili bila mtu kukudai maelezo.

Mimi ningefanya hivi. Askari awe bolti ya milimita 8 yenye urefu wa 40, washa yake ya 24 chini, na nati moja tu juu kabisa, sawasawa na ncha. Unahitaji kumi na sita, kwa hiyo asiwe na mapambo. Ipige tupa ncha ya kila bolti, maana ncha iliyokatwa inachana viganja.

Ngome ni bolti ya 10 kwa 40. Kichwa chake kipo tayari gereji: ile nati yenye meno juu inayofungwa kwenye tairodi, yaani fimbo ya usukani wa gari, na kuzuiwa na koti pini. Ukiisimamisha ni mnara wa ngome bila kuguswa na tupa. Kwa kawaida meno yake hayatakubaliana na bolti yako ya dukani, lakini nati ya tairodi ya milimita 12 ina tundu linalopitisha bolti ya 10 bila kugusa. Funga nati ya kawaida ya 10 karibu na ncha, iweke ile ya tairodi juu yake, jaza gundi katikati. Mafundi wa gereji wanaobadilisha tairodi hutupa zile kuukuu pamoja na nati zake. Ukipita mara chache na kuomba vizuri utapata nne.

Farasi ndiye anayewashinda wengi, kwa sababu wanataka afanane na farasi. Hahitaji. Anahitaji kuwa kete pekee isiyo mviringo ukiitazama kutoka juu. Tumia bolti ya 10 kwa 45, juu yake nati yenye masikio mawili, ile inayokazwa kwa vidole bila spana. Masikio yanasimama pande mbili na hayafichiki. Ukiwa na mkono mzuri, unaweza badala yake kuikunja theluthi ya juu ya bolti kwenye jiriwa ili ipate shingo. Fanya hivyo kwa bolti laini tu, zisizo na alama ya 8.8 kichwani. Zenye 8.8 ni za chuma kigumu, na ukizikunja bila moto zinaweza kupasuka. Ingiza nati kabla ya kukunja. Baada ya hapo hazipiti.

Askofu ni bolti ya 10 kwa 55 yenye nati ya kofia, ile iliyozibwa juu kwa duara. Ibane kwenye jiriwa ukiwa umeizungushia kitambaa, uikate ufa mmoja wa mshazari kwa msumeno wa chuma, milimita tatu au nne kwenda chini. Ufa huo unaonekana kutoka upande wa pili wa ubao. Mtoto hatamchanganya tena na askari, ambaye kichwa chake ni nati bapa ya pembe sita.

Malkia, bolti ya 12 kwa 60: washa ya meno ya nje iwe taji, juu yake gololi ya beringi kuukuu iliyogundishwa. Mfalme, bolti ya 12 kwa 70. Mkate mfereji kwenye ncha, kina cha milimita tano hivi, usimamishe humo washa ndogo ya bolti ya 6 au 8 kwa gundi, ibaki imesimama wima. Mkato mmoja wa msumeno ni mwembamba kuliko washa. Funga nyembe mbili kwa pamoja kwenye fremu moja ya msumeno na mfereji unatoka wa upana unaotosha. Wote wawili wavishwe nati zao mbili chini, siyo juu, kwa sababu ya yale niliyoyaeleza.

Seti nzima ya namna hii inakaribia kilo mbili. Miraba ya ubao iwe ya milimita 50 au 55. Kanuni ya haraka: askari wanne waenee ndani ya mraba mmoja. Tumia mbao au plaiwudi iliyopakwa rangi, si kioo.

Kuhusu kutu, zitazame upya bolti zako. Za rangi ya fedha, na zile zinazong'aa kama dhahabu, zimepakwa zinki, na zinki huliwa kwanza kabla ya chuma, ndiyo maana hazijakusumbua. Nyeusi zina tabaka jembamba sana la kuzifanya nyeusi pamoja na mafuta ya kiwandani. Mikono ya watoto inayafuta mafuta hayo na kuacha jasho lenye chumvi. Hapo kutu haichelewi.

Wengi hutaka kupaka rangi upande wa fedha na kuacha nyeusi kama zilivyo. Fanya kinyume. Rangi ya mafuta juu ya zinki haidumu: zinki inashambuliana na mafuta yaliyomo kwenye rangi, tabaka la chini linageuka kitu cha namna ya sabuni, na baada ya muda rangi inabanduka vipande vipande. Acha upande wa zinki bila rangi, ndio weupe wako. Zile nyeusi zisugue kutu kwa msasa, zioshe kwa sabuni ya unga, zikauke kabisa juani, pulizia rangi ya kwanza ya kuzuia kutu kisha nyeusi juu yake. Tabaka nyembamba mbili ni bora kuliko moja nene, kwa sababu nene inajaza meno na nati haipiti. Afadhali zaidi, zipulizie zikiwa zimeshafungwa. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni.

Sasa yale mawili ya hatari. Bolti yenye zinki ikichomelewa, zinki inachemka na kuwa mvuke kwenye joto la digrii 907, wakati chuma chenyewe kinahitaji karibu 1,500 kuyeyuka. Maana yake zinki yote inapaa hewani kama moshi mweupe kabla kazi haijaanza. Anayeuvuta hapati kitu papo hapo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, anapata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya mwili, kichwa na kiu, na ladha ya chuma mdomoni. Kwetu mtu wa namna hiyo atajipeleka kupima malaria, na fundi wako huenda ameshapata homa hiyo mara nyingi bila kujua imetoka wapi. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Ila kukiwa na kubanwa kifua, kuhema kwa shida au homa isiyokatika, aende hospitali na amwambie daktari wazi kwamba alivuta moshi wa kuchomelea, maana daktari hawezi kukisia. Kama bado unataka kuchomelea kete fulani, tumia bolti zisizo na zinki, kazi ifanywe na fundi mahali penye hewa, wanafunzi wakiwa mbali.

Risasi ni mbaya zaidi kwa sababu haina homa ya kukustua. Vumbi na moshi wake vinaingia mwilini na kukaa, na kwa watoto inaharibu ubongo hata kwa kiasi kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za nchi hiyo. Na betri yenyewe ina tindikali. Kama mwenzako ameshajaribu kuyeyusha nyumbani au shuleni, msifagie majivu yakiwa makavu. Lowesheni kwanza, wazuie watoto wasifike pale, na waliokuwepo wapelekwe hospitali waulizwe kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu. Hesabu ya digrii niliyokupa inaonyesha hukuhitaji uzito wowote wa ziada.

Nyongeza kwa walio na wadogo nyumbani: gololi na washa ndogo zinaingia kooni mwa mtoto bila shida. Na mtu akikushauri kuweka sumaku ndogo kali chini ya kete, kataa. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anacheza na haonyeshi dalili.

Niseme ukweli kuhusu fedha pia. Ukinunua kila kitu kipya, bolti 32, washa pana 32, nati kama 40, gundi na rangi, gharama inaweza kupita seti ya plastiki yenye ubao wa kukunja. Kwa hiyo kama lengo ni kete za kuchezea tu, nunua plastiki, na kwa zilizopotea jaziliza na kete za bolti. Bolti zina faida pale ambapo chuma chakavu kinapatikana bure, au pale ambapo utengenezaji wenyewe ni somo. Kwa klabu yako naona ni yote mawili, ndiyo maana nimeandika marefu.

Kazi ya kukata mifereji na kukunja bolti isifanyike kwenye madawati. Huko Morogoro mna chuo cha ufundi cha VETA pale Kihonda, na karakana ya namna hiyo ina jiriwa imara na walimu wanaojua kusimamia vijana wenye msumeno. Nenda ukazungumze nao, beba bolti zako na karatasi yenye michoro ya vichwa sita. Wakiona mchoro watakwambia mara moja kipi kinawezekana kwa zana zao.

Mashindanoni, hapana. Miongozo ya FIDE inataka kete za mbao, plastiki au kitu kinachofanana navyo, za umbo la Staunton, na mwamuzi anayefuata vitabu hatakubali nati ya tairodi iwe ngome. Mazoezini hakuna anayekuzuia. Ila mwanafunzi aliyezoea masikio ya nati atapoteza sekunde akimtafuta farasi wa kawaida, na saa ya mashindano haimsubiri. Wiki mbili au tatu kabla ya kwenda, tafuteni hata seti moja ya plastiki iliyo kamili, mpokezane, kila mmoja acheze nayo michezo kadhaa kwa saa.